“Mzigo Mzito Mpe Mnyamwezi”: Je, Ni Sifa au Ni Kejeli?

Uko msemo ambao karibu kila mtu wa nchi hii ameusikia tangu utoto wake: “Mzigo mzito mpe Mnyamwezi.” Husemwa bandarini gunia linapokataa kuinuka, husemwa sokoni, husemwa hata maofisini, mtu mwenye kazi ngumu anapotafuta wa kumtwika. Wasemao hucheka, na Mnyamwezi aliyepo naye hucheka, kwani utani ni utani. Lakini leo, ndugu msomaji, twaomba ruhusa tuache kucheka kwa kitambo kidogo. Twataka kuuliza msemo huu ulikuwa na maana gani siku ulipozaliwa, na kwa nini umetufikia ukiwa umepoteza nusu ya maana yake.

Swali hili si la kupitisha wakati. Nchi ile ile ya Unyamwezi, ambayo misafara ya zamani iliipita kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, imekuwa tena njia ya mizigo mizito. Huko Sojo, wilayani Nzega, kimejengwa kiwanda cha kuyavika mabomba ya chuma ya kupitishia mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani, Tanga, mwendo wa kilometa 1,443. Kila bomba lina urefu wa mita 18. Msomaji apendaye hesabu akigawanya ataona kuwa hayo ni mabomba yapatayo 80,000, na kila moja halina budi kupakiwa, kusafirishwa, kushushwa na kupakiwa tena. Mikataba ya kuijenga reli ya kisasa kutoka Makutupora hadi Tabora, na kutoka Tabora hadi Kigoma, ilitiwa sahihi mwaka 2021 na mwaka 2022. Kazi za namna hiyo haziendi bila mitambo, na mitambo haitembei kwa miguu yake.

Nyuma ya kazi hizo wamo watu ambao magazeti huwataja mara chache: wenye kreni, wenye matela marefu ya magurudumu mengi, wafunga minyororo, wapiga jeki, na yule asimamaye mbele akimwongoza dereva kwa ishara za mikono. Si wachache kati yao ambao si makampuni makubwa ya ng’ambo, bali ni nyumba za watu. Baba alianza na lori moja; mwanawe akajifunza kuendesha kreni; mpwa akawa utingo; mama akashika daftari la fedha.

Maoni yetu ni haya. Kuhamisha mizigo mizito katika njia hii ni kazi ya kale yenye elimu na sheria zake, na waliozijua kwanza ni wapagazi wa Unyamwezi pamoja na jamaa zao. Sheria hizo ziliposhikwa, mzigo ulifika na mtu alifika. Ziliposahauliwa, pengine mzigo ulifika, lakini watu walibaki njiani. Mwenye kreni wa leo ni mrithi wa wapagazi hao, apende asipende, na yampasa kuujua urithi wake.

KAZI YA UKOO

Watu wengi hudhani kwamba mpagazi alikuwa ni shingo na mabega tu. Hivyo sivyo. Mpagazi huru wa Kinyamwezi wa karne ya 19 alikuwa mtu wa kazi maalumu, aliyeifundishwa tangu utotoni. Wasafiri waliopita Tabora zamani, kama Richard Burton aliyefika mwaka 1857, waliandika kwamba safari ya pwani ilihesabiwa kuwa kipimo cha uanaume, na kwamba hata mtoto alitwikwa pembe ndogo ya ndovu ili azoee. Wake nao waliandamana na waume zao katika misafara mingi, wakibeba vyungu na chakula na kupika kambini. Mvua zilipokaribia, mpagazi alitaka arudi kwake kulima, na tajiri aliyechelewa kuondoka pwani aliweza kukuta kwamba hana watu. Kwa hiyo ilikuwa ni kazi iliyofungamana na shamba na ukoo, kila kimoja kikikitegemea kingine.

Sheria ya kwanza ilikuwa uzito. Mzigo wa kawaida ulikuwa kiasi cha frasila mbili, yaani ratili 70, au tuseme kilo 32, mbali na mkeka, chungu na chakula chake mwenyewe. Siku ya kugawa mizigo ilikuwa siku ya makelele, kwa maana kila mmoja aliuinua mzigo, akaupima kwa mkono, akaukataa ukimzidi. Wageni waliliita jambo hilo ukaidi. Sisi twaliita akili, maana mtu atakayekwenda miezi miwili, mitatu na hata zaidi hawezi kuongeza ratili tano kwa ajili ya kumpendeza mtu.

Sheria ya pili ilikuwa kuufunga mzigo. Nguo zilifungwa robota refu na kukazwa kwa fito zenye panda, ili mwenye kupumzika aliegemeze kwenye mti na kulitwaa tena bila kuinama. Waya wa shaba, au masango, ulifungwa mafungu mawili kwenye ncha mbili za mti, ukakaa begani kama mizani. Pembe iliyomzidi mtu mmoja ilifungwa kwenye mti na kubebwa na watu wawili waliolingana kimo na hatua. Yeyote aliyewahi kufunga mtambo juu ya tela ataona kwamba hesabu ni ile ile: mzigo usiyumbe, uzito usielemee upande mmoja, na pawe na mahali pa kuushika wakati wa kuushusha.

Sheria ya tatu ilikuwa mpango wa safari. Mbele alikwenda kirangozi mwenye bendera, naye aliijua njia, maji na makambi. Nyuma yake walikuja wenye pembe, kisha wenye nguo na shanga, kisha wenye masango na vitu vingine. Nyuma kabisa walikuwapo wakubwa wa msafara waliowaangalia wanaochelewa na walioanguka. Ngoma na baragumu zilitoa habari ya kuondoka na kufika.

Sheria ya nne ilikuwa haki. Ujira ulipatanwa kabla ya kuondoka, na sehemu yake ilitolewa mapema. Posho ilitajwa wazi. Kama posho haikutolewa, au mzigo uliongezwa njiani, wapagazi waliketi chini na msafara ukasimama. Wengine waliweka mizigo wakaenda zao usiku. Kabla ya kuwapo vyama vya wafanyakazi katika nchi hii, watu hawa walikwisha kujua kukataa kazi kwa umoja.

Hata wenye mali walifanya kazi kwa ukoo. Muhammed bin Juma alikaa Ituru, Tabora, na mwanawe Hamed bin Muhammed, ambaye dunia inamjua kwa jina la Tippu Tip, alikwenda mpaka Manyema kutafuta pembe. Fedha na bidhaa za kuanzia zilitoka kwa matajiri wa Unguja kama Taria Topan. Wala hatutaki kuipamba njia hii kuliko ilivyokuwa. Katika vumbi lile lile alilokanyaga mpagazi huru mwenye mapatano yake, walipita pia mateka waliofungwa minyororo, ambao hawakuulizwa uzito wala ujira. Tofauti ya watu hawa wawili haikuwa katika mabega. Ilikuwa katika mapatano, na jambo hili twaomba msomaji alikumbuke tunapoendelea.

WALIPOSHINDWA NG’OMBE NA TEMBO

Wageni hawakupenda kuwategemea wapagazi. Walitafuta nguvu nyingine isiyodai ujira. Mwaka 1876 mmisionari Roger Price alitoka Saadani akafika Mpwapwa na ng’ombe wachache, akaamini kwamba magari ya kukokotwa yangeweza kufika mpaka Ziwa Tanganyika. Mwaka uliofuata magari yalijaribiwa kweli, na mbung’o wakawamaliza ng’ombe.

Kisha likaja jaribio lililo kubwa kuliko hilo. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alileta tembo wanne kutoka Uhindi, wakashushwa Msasani, karibu na Dar es Salaam. Hao walikuwa wanyama waliofundishwa kazi, na kila mmoja aliweza kubeba mzigo wa wapagazi wengi. Safari ikaanza kwa matumaini makubwa. Wakafa mmoja baada ya mwingine, na mwishoni mwa mwaka tembo mmoja tu ndiye aliyefika Karema, kwenye pwani ya ziwa. Naye hakuishi muda mrefu. Mizigo ya msafara huo, kama ya misafara mingine, ilifika kwa sababu wapagazi walikuwapo.

Mwaka 1882 Kapteni Edward Hore, baharia wa misheni ya London, aliondoka pwani na mashua ya chuma iliyogawanywa vipande na kupakiwa katika mikokoteni. Watu wakaivuta mikokoteni hiyo porini, mitoni na mawe kwa mawe; na mwaka 1883 mashua ikaunganishwa na kuelea Ujiji. Miaka miwili haijatimia mkewe naye akaifuata njia hiyo, amebebwa mabegani katika kiti ambacho kwao Uingereza husukumwa kwa magurudumu. Hayo ndiyo yaliyoifanya sifa ya Mnyamwezi ienee. Msemo wetu ulikuwa ushuhuda wa watu waliojaribu njia nyingine zote, kisha wakarudi kubisha hodi kwake.

MAITI ILIYOFUNGWA KAMA ROBOTA

Ikiwa yuko bado anayedhani kwamba kazi hii ni nguvu tupu, basi na afikiri juu ya safari ya Chuma na Susi. David Livingstone alipokufa mwezi wa Mei, 1873, katika nchi ambayo leo ni Zambia, watumishi wake waliamua kumpeleka pwani. Waliukausha mwili juani, wakaufunga katika nguo, wakautia ndani ya gamba la mti, wakaufunika kwa turubai na kuutungika kwenye mti wa kubebwa na watu wawili.

Walipofika Unyanyembe walimkuta Luteni Cameron, Mwingereza, aliyewashauri wamzike hapo hapo. Wakakataa. Mbele kidogo ya Tabora, huko Kasekera, wenyeji hawakuridhia maiti ipite katika nchi yao. Watu wale wakafanya shauri. Walitengeneza furushi la mabua lenye umbo la maiti, wakalirudisha nyuma wazi wazi kana kwamba wameridhia kumzika Unyanyembe. Waliolibeba walipofika porini wakayatupa mabua na kurejea kwa siri. Mwili wenyewe ukafungwa upya, mfano wa robota la nguo, ukapita bila kuulizwa. Mwezi wa Februari, 1874, ulikuwa Bagamoyo.

Mzigo huo haukuwa mzito sana kwa ratili. Uzito wake ulikuwa katika amana. Nao waliufikisha kwa kuujua mzigo, kuwajua watu wa njiani na kuijua njia. Wahamishaji wa leo wanaovuka daraja jembamba na kupita katikati ya kijiji chenye watoto na mifugo wanahitaji maarifa hayo hayo.

MELI NDANI YA MASANDUKU

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Wengi kati ya waliobeba reli na mataruma yake walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma, yaani wana wa wapagazi wale wale, ambao kwa mikono yao walijenga kitu kilichoiua kazi ya baba zao. Misafara ya Bagamoyo ikafifia.

Lakini tazama jinsi sheria ya zamani ilivyoendelea kutawala. Wajerumani walitaka meli kubwa katika Ziwa Tanganyika. Meli hiyo, iliyoitwa Goetzen, ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Ikafunguliwa tena vipande vipande na kufungwa katika masanduku yapatayo 5,000. Masanduku yakavuka bahari mpaka Dar es Salaam, yakapanda gari la moshi, yakapita Tabora, yakashuka Kigoma. Huko mafundi watatu kutoka Papenburg, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, pamoja na vibarua wengi Waafrika na Wahindi, waliiunganisha upya. Ikateremshwa majini mwezi wa Februari, 1915. Majina ya wale watatu yamehifadhiwa. Ya wale wengine hayakuhifadhiwa.

Tunaomba msomaji aone kwamba jambo hili si geni. Mpagazi alijua zamani kwamba mzigo usiobebeka hugawanywa, hufungwa vizuri, hupewa alama, husafirishwa kwa utaratibu na kuunganishwa mwisho wa safari. Mhandisi wa Papenburg alifanya hivyo hivyo kwa chuma. Tena mafundi hao walifanya jambo moja la kukumbukwa. Julai 1916, walipoamriwa kuizamisha meli ili isitekwe, walizipaka injini zake grisi nzito kwanza. Waingereza walipoiinua mwaka 1924, injini zilikuwa bado zafaa, na mwaka 1927 meli ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Fundi wa kweli huutunza mtambo hata siku anapouaga.

SHERIA ILIPOVUNJWA

Wakati meli ile ilipokuwa ikielea, nchi ilikuwa katika vita. Hapa twafika mahali pa uchungu katika habari yetu. Majeshi ya Waingereza, Wajerumani na Wabelgiji yalikwenda mbali na reli, na mizinga, risasi na chakula vilihitaji mabega. Sasa mabega hayo hayakuombwa, yalikamatwa. Hapakuwa tena na siku ya kupima mzigo na kuukataa. Hapakuwa na msimu wa kurudi kulima. Posho ilipungua au ilikuwa ya unga usiozoeleka, na watu wa nchi kavu walipelekwa mabondeni kwenye mvua na homa.

Wanahistoria wanakadiria kwamba wapagazi wapatao laki moja, na pengine zaidi, walikufa katika utumishi wa jeshi la Uingereza peke yake, na wengi waliuawa na maradhi na njaa kuliko risasi. Jina la Kariakoo katika Dar es Salaam ni matamshi yetu ya jina la Kiingereza la kikosi chao. Mjini Nairobi sanamu ya ukumbusho ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Katika Dar es Salaam askari amesimama peke yake na bunduki yake. Kila siku watu hununua vitunguu na vitenge Kariakoo bila kujua kwamba wanalitaja jeshi la wafu.

Ni watu wale wale, nchi ile ile, na mizigo pengine haikuzidi sana ile ya zamani. Kilichobadilika ni kwamba mapatano yaliondolewa. Mzigo wa frasila mbili, ukibebwa kwa hiari na posho kamili, humfikisha mtu kwake na nguo za ujira. Mzigo huo huo ukibebwa kwa kiboko bila chakula, humzika. Basi asituambie mtu kwamba sheria za kazi ni anasa ya nchi tajiri. Babu zetu walikuwa nazo, wakanyang’anywa, na gharama yake twaijua.

MASHINE ZA URAMBO

Liko pia fundisho la namna nyingine, na mahali pake ni Urambo, nchi ya Mtemi Mirambo, magharibi ya Tabora. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa karanga katika sehemu tatu: Kongwa, Nachingwea na Urambo. Matrekta na mitambo ya kung’oa miti ililetwa kwa meli na kwa reli. Mingine ilitengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Mwaka 1951 mpango ulivunjwa, na zaidi ya pauni milioni 35 zilikwisha kupotea.

Kuisafirisha mitambo ile hakukushindikana. Ilifika. Lakini ardhi haikuwa imepimwa, mvua haikuwa imeulizwa, na wenyeji hawakuwa wameulizwa. Udongo ulivunja majembe. Hapa mhamishaji wa mitambo ajifunze kwamba kufika kwa mzigo si mwisho wa kazi. Kirangozi wa zamani alituma watu mbele kuangalia maji kabla ya msafara kuondoka. Naye mwenye kreni yampasa aende kukiona kiwanja kabla ya kutoa bei.

WAJIBU WETU LEO

Na sasa turudi kwenye nyumba ile tuliyoitaja mwanzo, ya baba mwenye lori, mwana mwenye kreni na mpwa aliye utingo. Twaisifu nyumba hiyo. Biashara ya ukoo ina nguvu zake: watu huaminiana, elimu hurithishwa jioni kwa jioni, na jina la baba haliachwi lichafuke. Lakini ina hatari zake, nasi tungekuwa marafiki wabaya kama tungezinyamazia.

Hatari ya kwanza ni kudhani kwamba mashine imeondoa hesabu. Chukua mtambo wa tani 60. Kwa mizigo ya kilo 32 ungehitaji wapagazi 1,875. Hilo ni jeshi zima. Leo uzito huo wote umo mkononi mwa mtu mmoja aliyeshika vishikio, na akikosea yeye, wamekosea watu 1,875 kwa mara moja. Tena kreni iitwayo ya tani 50 haiinui tani 50 kila mahali. Huinua hivyo pale tu mkono wake ulipo mfupi na mzigo uko karibu na mwili wake. Mkono ukinyooshwa mbali, uwezo hushuka mpaka tani chache. Mpagazi alilijua hilo, ndiyo maana aliuweka mzigo begani wala hakuushika kwa mkono ulionyooshwa. Na udongo mweusi wa mbuga, msomaji wa Tabora anaujua, wakati wa kiangazi ni mgumu kama saruji na wakati wa masika ni uji. Mguu wa kreni uliowekwa juu yake bila magogo mapana utazama, na kreni italala.

Hatari ya pili ni ile ya ndugu. Kijana wa nyumba hupandishwa juu ya mtambo bila kofia ngumu wala viatu, kwa sababu “ni mtoto wetu.” Hupitishwa chini ya mzigo unaoning’inia, kwa sababu “tuna haraka.” Halipwi kwa mwezi, kwa sababu “anakula hapa hapa.” Siku mnyororo unapokatika, hana mkataba, hana bima, wala jina lake halimo katika daftari lolote. Je, kijana huyo amezidi nini yule mpagazi wa mwaka 1916? Undugu si mahali pa kufichia dhuluma. Mtoto aliyepewa pembe ndogo katika msafara alipewa iliyo sawa na mabega yake.

Nchi yetu inazo sheria za jambo hili. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka vyombo vya kuinulia vikaguliwe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumpa kazi ya hatari mtu asiyetimiza miaka 18. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, upo kwa ajili ya siku mbaya. Lakini sheria zilizolala katika makabati ya Dodoma hazimshiki mkono utingo aliye kando ya barabara ya Nzega. Mwenye kazi ndiye wa kuzishika kwanza, na mfanyakazi awe na moyo wa kuketi chini, kama babu yake, akiambiwa abebe pasipo haki.

Tungependa pia wenye vyombo hivi katika Tabora, Nzega, Urambo na Kigoma wakutane na kushirikiana. Nyumba moja yenye kreni moja hushindwa kuomba kazi kubwa, ikaishia kupewa makombo na mkandarasi mkubwa. Nyumba tano zilizoungana, zenye vyeti vya ukaguzi na waendeshaji waliosoma, zaweza kusema bei yao. Msafara ulikuwa ni watu wa nyumba nyingi chini ya kirangozi mmoja, waliyemtii kwa kuwa aliijua njia. Na wale wanaotoa kazi hizo, iwe ni serikali au makampuni, wasitazame bei ndogo peke yake. Waulize pia minyororo ilikaguliwa lini na watu wanalipwa nini.

Ukipita Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, utaliona tembe walimokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, na wageni hulizuru kusoma habari zao. Ni vema. Lakini vitu vyote vilivyowahi kuwamo ndani yake vilifika hapo juu ya bega la mtu aliyepima mzigo wake pwani, akapatana ujira, akautwaa. Tukimjua huyo, tutaweza kuusema tena msemo wetu mbele ya Mnyamwezi yeyote bila haya. Mzigo mzito na apewe Mnyamwezi, kwa kuwa yeye ndiye aliyetangulia kuuliza una ratili ngapi.